Makaa kwa Shamira, Udi kwa Kerubo: Maisha ya Roselyne Kerubo Momanyi, 1979–2016

Ijumaa tarehe 3 Juni 2016, saa nne asubuhi, Mama Nyaboke alikuwa kwenye kituo cha kuuzia majani chai pale Rigoma, akingoja zamu yake ya mizani. Simu ikalia ndani ya leso aliyojifunga kiunoni. Alikuwa Arnold, mkwe wake, akipiga kutoka Doha. Arnold ni mtu wa kupiga simu Jumapili jioni. Mama alipoona ni yeye, siku ya Ijumaa, aliweka kikapu chini kabla ya kuitikia.

"Mama, naomba uketi kwanza," Arnold alisema.

"Niko kwenye mizani, nitaketi wapi?"

"Popote, Mama."

"Arnold, mwanangu, sema nikiwa nimesimama. Nilimzaa mwenyewe, na habari zake nitazipokea mwenyewe."

Hivyo ndivyo familia ilivyojua kwamba mpendwa wetu Roselyne Kerubo alikuwa ameitwa na Mungu alfajiri ya siku hiyo. Karani alifunga mizani, na majani ya watu wote yakangoja mpaka mama aliposindikizwa nyumbani. Tunawashukuru sana waliokuwa kwenye foleni ile. Hakuna aliyelalamika.

Marehemu Roselyne Kerubo alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 katika kijiji cha Riamoni, Rigoma, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Nyamira. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Zakaria Momanyi na Mama Nyaboke. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huohuo katika kigango chetu cha Mtakatifu Ana, ambako baba alikuwa katekista. Tangu alipokuwa mdogo, kazi yake siku za sikukuu ilikuwa kuchuchumaa nyuma ya kanisa na kupuliza makaa ya chetezo mpaka yawe mekundu, kisha kumkabidhi baba. Baba alikuwa akimwambia kwamba moshi wa ubani hutangulia, na mkubwa hufuata. Padri akiingia, chetezo kiko mbele yake na watu wote wamesimama. Kerubo aliliweka hilo moyoni. Mtaona mbele kidogo jinsi lilivyomponza.

Alisoma Shule ya Msingi ya Riamoni kuanzia 1986, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1993, kisha akaendelea na sekondari ya kutwa papa hapa Rigoma mpaka kidato cha nne mwaka 1997. Hesabu hazikumpenda. Somo alilolipenda ni Historia, hasa zile habari za nyumba za wafalme wa karne ya kumi na sita: nani alishika kikombe cha mfalme, nani alimletea maji ya kunawa, nani alilala karibu na mlango wake, na jinsi watu hao wadogo walivyooneana wivu kuliko hata mawaziri. Alikuwa akirudi nyumbani anatusimulia sisi wadogo zake wakati wa kumenya ndizi, kana kwamba ni majirani wetu wa ng'ambo ya mto. "Huyu wa maji alimchongea yule wa kikombe," atasema, "na yule wa kikombe akapelekwa kuchunga mbwa wa mfalme." Tulicheka sana. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa anajisomea maisha yake.

Baada ya shule alifundisha watoto wa chekechea kwenye kigango kwa miaka mitano. Baba alifariki mwaka 2001, na wadogo zake tulikuwa bado shuleni. Kerubo ndiye aliyesema, bila mtu kumwomba, kwamba atakwenda kutafuta kazi nje. Tarehe 3 Februari 2004 alipanda ndege kwenda Doha. Alikuwa hajafika hata Mombasa.

Alipokelewa uwanjani akapelekwa moja kwa moja Al Wakrah, mji wa pwani ulio kusini mwa Doha, katika nyumba ya bibi mmoja mzee wa ukoo mkubwa. Kwa heshima ya nyumba yake hatutalitaja jina lake. Watumishi wote walimwita Mama Kabira, yaani Mama Mkubwa, na hivyo ndivyo Kerubo alivyotuzoesha kumwita. Kulikuwa na madereva, wapishi, watunza bustani na mayaya, lakini moyo wa nyumba ile ulikuwa majlisi, ile sebule kubwa ya kupokea wageni. Majlisi ya wanaume ilikuwa upande wa barabara. Ya wanawake ilikuwa ya Mama Kabira. Kila alasiri aliketi kwenye kona yake na mito yake miwili, na wanawake wa koo nyingine walikuja kumsalimia, kuomba ushauri, kuposa, kulalamika na kupatana.

Kerubo alipopata nafasi ya kupiga simu mara ya kwanza hakutueleza joto wala chakula. Alisema, "Mnakumbuka zile habari za wafalme? Ndimo nilimo."

Na kweli, kila mhudumu wa majlisi ile alikuwa na cheo chake. Kulikuwa na wa kufungua mlango, wa kupitisha tende, na wa kumimina kahawa, birika mkono wa kushoto na finjani mkono wa kulia, akimimina kidogo tu chini ya kikombe, na kumwongezea mgeni mpaka mgeni mwenyewe atikise finjani kuonyesha kwamba imemtosha. Juu yao wote alikuwa mbeba chetezo. Huyo ndiye aliyepitisha moshi wa udi kwa wageni, akawafukizia mitandio yao, akawasindikiza mpaka mlangoni. Wageni wakishaondoka ndiye aliyebaki ameketi karibu na miguu ya Mama Kabira, akimsikia bibi akisema alichofikiri kweli juu ya kila mmoja wao. Mwaka ule mama wa Kihabeshi aliyeibeba kazi hiyo miaka mingi alikuwa amerudi kwao. Nafasi ilikuwa wazi, na Kerubo aliitaka. Hakuficha. Alisema ndiyo kazi pekee katika nyumba ile aliyokuwa ameifanya tangu utotoni.

Mwingine aliyeitaka alikuwa Shamira Namukose wa Iganga, Uganda. Shamira alimtangulia kufika miaka miwili. Ni Mwislamu, amesoma madrasa, Kiarabu anakielewa, na ulimi wake hauna likizo. Siku za mwanzo alimwangalia Kerubo akivuka zulia na sinia ya tende akasema, "Wewe nnyabo, bibie wa Kenya, unatembea kama padri. Wageni watazeeka wakingoja tende."

"Na wewe Waziri Mkuu," Kerubo alimjibu, kwa jina alilolitoa kwenye habari zake za wafalme, "unakimbia kama kuku aliyenyeshewa. Siku moja utamwagia mtu."

"Mimi? Nimwage? Nnyabo, mkono huu haujawahi kumwaga."

Wapishi walikuwa wakiacha sufuria kuja kuwasikiliza.

Basi mwezi Mei mwaka 2004 wakaja wageni wazito. Mama Kabira alikuwa akimtakia mwanawe wa mwisho mke, na mama wa binti, shangazi zake na bibi yake walikuja kutoka Doha wakiwa na magari manne. Nyumba nzima ilikuwa imeshika pumzi. Kerubo aliona jinsi walivyokuwa wakubwa, na jinsi Mama Kabira mwenyewe alivyojitahidi kusimama kuwapokea, na akamkumbuka baba yake. Alikwenda jikoni, akapuliza makaa, akaweka kipande cha udi, na wageni walipokuwa ndiyo kwanza wanaketi, kabla hata ya kahawa, akaingia na chetezo mbele yao, taratibu, kichwa kimeinama, kama anavyoingia mtu mbele ya padri siku ya Pasaka.

Katika nchi ile udi hupitishwa mwisho. Ukishapita, mgeni anajua kwamba mwenye nyumba amemaliza naye, naye hushukuru na kuondoka. Bibi ya binti alitazama chetezo, akamtazama Mama Kabira, akafukiza mtandio wake kwa adabu zote, akasimama. Wengine wakasimama nyuma yake. Walishukuru. Walitoka. Magari manne yakaondoka na finjani zilikuwa bado kavu kwenye sinia.

"Kerubo," Mama Kabira alisema, "umewafukuza wageni wangu."

Kerubo hakuelewa maneno, lakini alielewa uso. Na kuna jambo jingine alilielewa. Wakati akipuliza makaa jikoni, Shamira alikuwa amesimama mlangoni na birika la kahawa. Aliona kila kitu. Alikuwa na lugha ya kumzuia na nafasi ya kumzuia, na aliangalia pembeni.

Chetezo akapewa Shamira. Kerubo akarudishwa nyuma kabisa, kuosha finjani. Alikaa huko karibu miaka mitatu.

Tunataka jamaa na marafiki wajue kwamba hakuipita miaka hiyo kwa machungu. Tuliposikia hadithi ile kwenye simu tulitaka kulia, na yeye alikuwa anacheka. "Yule wa kikombe alipelekwa kwa mbwa," alisema. "Mimi nimepelekwa kwa vikombe vyenyewe. Si nimepanda cheo?" Alijifunza Kiarabu kutoka kwa wapishi na watoto wa nyumba. Uchumba ule ulichukua mwezi mzima wa simu na zawadi kutengenezwa, ukatengenezeka, na binti akaolewa akaja kuishi humo humo. Jambo la kwanza alilouliza alipofika ni, "Yuko wapi yule aliyenifukuza kabla sijafika?" Alitaka kumwona. Walipendana tangu siku hiyo, na ni huyo bibi harusi aliyemwombea Kerubo arudishwe mbele. Mwaka 2007 alikabidhiwa birika la kahawa. Lakini chetezo kilibaki kwa Shamira, na kila alasiri walipokaribiana kwenye zulia lile walikuwa wakirushiana maneno ya chini chini, midomo haitikisiki.

"Umepunguza mwendo leo, Waziri Mkuu. Magoti?"

"Mimina kahawa, padri. Usihubiri."

Ibada kule Doha husaliwa Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko. Hapo ndipo Kerubo, katika misa ya Kiswahili, alipomkuta Arnold Mogaka, mzaliwa wa Keroka, mlinzi katika hoteli moja ya mtaa wa Al Sadd. Arnold aliimba besi, na aliimba kwa nguvu kuliko alivyojua nota. Kerubo alimwambia hivyo siku ya kwanza. Walichumbiana kwa njia ya Ijumaa na simu kwa mwaka mmoja. Desemba 2008 walikuja likizo pamoja, na wazee wa Keroka wakaja Riamoni kwa mazungumzo. Kerubo ndiye aliyewaandalia chai. Mkono wake ulikuwa umeshazoea kwingine, akamimina kila kikombe kidogo tu chini, kwa heshima, akasimama kando akingoja watikise. Wazee walitazamana. Baba mkubwa wa Arnold akainua kikombe kwenye mwanga, akachungulia ndani, akauliza, "Tumekaribishwa au tumeonjeshwa? Kama posa imekataliwa tuambiwe mapema, njia ni ya matope." Mama Nyaboke alimnyang'anya Kerubo birika, akajaza vikombe vyote mpaka vikamwagika kwenye visahani, na posa ikapita. Walifunga ndoa tarehe 27 Desemba 2008 katika kigango chetu. Mungu aliwajalia binti, Jerusha, aliyezaliwa tarehe 21 Oktoba 2009. Kerubo alikaa naye nyumbani miezi minane, kisha akamwacha mikononi mwa bibi yake na kurudi Al Wakrah, ambako Mama Kabira alikuwa amekataa mtu mwingine asiguse birika lake.

Kuna habari ya Idi ya mwaka 2010 ambayo ni lazima isemwe hapa, kwa sababu marehemu mwenyewe hakuwahi kuisimulia vizuri. Shamira ndiye aliyeisimulia. Majlisi ilikuwa imejaa, wageni wamekaa mpaka kizingitini. Shamira alikuwa akipita na chetezo, na mtoto mmoja akavuta joho la mama yake likanyooka mbele ya miguu ya Shamira. Hakuanguka, lakini kaa moja lilitoka, likadondoka juu ya zulia ambalo Mama Kabira aliletewa na marehemu mumewe. Wageni walikuwa wakizungumza. Hakuna aliyeona, isipokuwa Kerubo aliyekuwa hatua moja pembeni na birika.

Ilikuwa nafasi yake. Alihitaji tu kuangalia pembeni, kama alivyoangaliwa yeye. Zulia lingewaka, watu wangepiga kelele, na jioni ile chetezo kingekuwa chake.

Kerubo alisogea hatua moja, akaweka mguu juu ya kaa.

Mle ndani hakuna anayevaa viatu. Alikuwa na soksi. Alisimama juu ya kaa lile akammiminia kahawa mgeni aliyekuwa mbele yake, na mgeni yule alikuwa mama mnene mwenye hadithi ndefu, akanywa, akanyoosha finjani aongezewe, akanywa tena, na Kerubo anatabasamu. Shamira alisema hajawahi kumwombea mtu atikise kikombe kama alivyomwombea mama yule.

Mama Kabira wakati huo macho yalikuwa yamepungua, ila pua ilikuwa nzima. Akasema kutoka kwenye kona yake, "Huu si udi wangu. Nasikia harufu ya soksi."

Baadaye jikoni Shamira alimkalisha Kerubo juu ya gunia la mchele, akaweka mguu wake ndani ya beseni la maji. Kisha Shamira akasema, "Siku ile ya wachumba nilikuona unapuliza makaa."

"Najua."

"Ulijua?"

"Niliona kivuli chako mlangoni, na kivuli cha birika."

"Miaka yote hiyo! Na hukunisema kwa Mama Kabira?"

"Ningekusema kwa Kiarabu gani, Shamira?"

Shamira alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, yeye mwenyewe hasemi. Akauliza, "Na leo je? Leo Kiarabu unacho."

"Leo ningekusema, nani angenitukana kesho?"

Wageni walipokwisha kuondoka Mama Kabira aliwaita wote wawili akataka aambiwe nani ameungua. Waliambizana wanyamaze, lakini kwa bibi yule kunyamaza hakukufaa kitu. Walisema yote, pamoja na habari ya mwaka 2004. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akatoa hukumu ambayo nyumba ile inaifuata mpaka leo. "Makaa kwa Shamira," alisema. "Udi kwa Kerubo. Mmoja hatagusa cha mwenzake. Mkigombana, chetezo kitakuwa baridi, na wageni wangu watalala hapa, na ninyi ndio mtakaowatandikia."

Tangu siku hiyo Shamira alibeba chetezo na makaa yake, na Kerubo alitembea kando yake na kisanduku cha mbao chenye vipande vya udi, akichagua kipi kinamfaa mgeni yupi, na kukiweka. Mwanzoni waliona ni adhabu. Shamira alilazimika kupunguza mwendo na Kerubo kuongeza. Baada ya mwaka mmoja walikuwa wakitembea sawa bila kuangaliana. Jioni, wageni wakishaondoka, wote wawili waliketi miguuni pa Mama Kabira, mmoja kila upande. Kerubo alituambia kwamba hicho ndicho alichokitaka tangu mwanzo, ila hakuwa amejua kwamba ni mahali pa watu wawili. Miaka ile mitano ilikuwa miaka mizuri ya maisha yake. Alikuwa mtu aliyetosheka. Kila Ijumaa alikwenda misa na Arnold, wakala samaki Al Sadd, kisha jioni akamsomesha Jerusha abjadi kwenye simu.

Maumivu ya tumbo yalimwanza Novemba 2014. Februari 2015 madaktari wa Doha walisema ni saratani. Alitibiwa vizuri, na tunawashukuru madaktari na wauguzi wote, hasa muuguzi wa kwetu Pamela Jeptoo, aliyemwombea kila alipoingia zamu. Mama Kabira hakukubali arudishwe nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, wala hakukubali aondolewe kwenye majlisi. Aliamuru kiti kiwekwe karibu na mlango. Kerubo alikaa pale na kisanduku magotini, na Shamira alikuwa akimletea chetezo aweke udi, ndipo aendelee kwa wageni. Desemba 2015 alikuja nyumbani kwa majuma matatu. Wengi wenu mlimwona akicheza na Jerusha hapa uani, na mliuliza kama kweli ni mgonjwa.

Mwisho wa Mei 2016 alilazwa. Alhamisi tarehe 2 Juni, jioni, Shamira alikuja na kahawa kwenye chupa na finjani moja ya majlisi, aliyoitoa kwa ruhusa. Arnold alikuwepo. Kerubo alikunywa kidogo sana. Shamira akanyoosha chupa amwongezee, na Kerubo akatikisa finjani, akamrudishia. Alipokea Mpako Mtakatifu siku moja kabla, na alikuwa ameungama. Alfajiri ya Ijumaa alilala, mkono wake ukiwa katika mkono wa Arnold.

Marehemu ameacha mume wake Arnold Mogaka, binti yake Jerusha, mama yake Nyaboke, na wadogo zake Winfred, Marvin na Miriam, pamoja na shemeji, wajomba, mashangazi na binamu wengi wa Riamoni na Keroka. Pia ameacha dada yake Shamira Namukose wa Iganga. Mtu mmoja aliuliza kama jina hilo linafaa kukaa hapo, kwa kuwa si wa ukoo wala wa kanisa. Mama Nyaboke akajibu, "Liandikeni, na liandikwe kabla ya la kwako." Limeandikwa.

Jumatano tarehe 8 Juni, kabla mwili haujasafirishwa, waliagana naye Doha katika chumba kimoja cha hospitali. Walikuwepo Arnold, aliyetoka zamu akiwa bado na sare yake, wanakwaya wachache, na watumishi wa nyumba ile. Ilikuwa siku ya tatu ya Ramadhani, na Shamira alikuwa amefunga. Alikuja na chetezo cha majlisi na makaa ndani yake. Oloo, dereva wa Mama Kabira, alileta kisanduku cha udi. Alisema bibi hawezi tena kutoka nyumbani, ila ameagiza kitumike kile kipande kikubwa cha wageni wakubwa.

Oloo alimpa Shamira kisanduku. Shamira hakukipokea.

"Mpe shemeji," alisema.

"Mimi?" Arnold aliuliza. "Mimi sijui kuweka, Shamira. Weka wewe."

"Mimi ni wa makaa, shemeji. Udi ni wa Kerubo. Kama hayupo, ni wako."

Arnold alifungua kisanduku, akachukua kipande kile kikubwa, akakiweka juu ya makaa. Moshi ulipopanda, Shamira alilizunguka jeneza. Alilizunguka taratibu, kichwa kimeinama, kwa ule mwendo wa padri aliokuwa akiucheka. Kisha akaenda mlangoni akasimama kando na chetezo chake, kama anavyosimama mbeba chetezo mgeni anapoondoka, na mlango ulikuwa wazi. Wanaume walilibeba jeneza wakapita mbele yake. Gari liliondoka kuelekea uwanja wa ndege saa kumi na moja jioni.

Bwana ampokee Roselyne Kerubo nyumbani kwake, amketishe, na asiambiwe tena kuondoka. Amina.